Mwaka Watu Walipodai Harufu ya Klori

Siku mliponiaga pale kituoni, kwa keki na fanta, mliniomba niseme neno. Nilisema "asanteni" nikaketi, na baadhi yenu mkadhani ni uchungu wa kuachana. Haukuwa uchungu, viatu vipya vilikuwa vinanibana. Sasa niko nyumbani, miguu ndani ya kandambili, na mume wangu amenipa daftari moja alilobakiza shuleni, kwa hiyo nitawaandikia lile neno polepole. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta ofisini, kama panya wamezibakiza.

Mimi ni Nsimire, mnayemwita Mama Klori nyuma ya mgongo wangu, na mbele yangu pia tangu nilipoacha kujali. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye kituo cha kusafisha maji. Maji yanatufikia kutoka mtoni yakiwa na kila kitu ambacho mvua imekizoa mlimani. Tunayatia sulfate ili tope lishikane na kuzama, tunayachuja kwenye mchanga, kisha tunayatia klori iue vidudu, ndipo yanapopanda kwenye matangi ya vilimani na kuteremka hadi mabombani. Ninyi mnayajua haya yote. Ninayaandika kwa ajili ya mume wangu, mwalimu wa jiografia, ambaye mpaka leo anaamini kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga robine ya bomba.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa kitenge, pagne mpya ya bluu, kwa sababu mama yangu aliniambia kazi ya serikali inataka heshima. Aliyenipokea ni muzee Zihindula, mkuu wa sehemu ya klori, mtu mwembamba aliyesema kidogo na kukohoa sana. Aliitazama ile pagne, akatikisa kichwa. Akanipa kijiko kirefu cha mbao nikoroge dawa ndani ya tangi. Nilikoroga kama ninasonga ugali. Saa nne asubuhi pagne ya bluu ilikuwa na madoa meupe toka kiunoni hadi chini, na muzee akanicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Sasa uko mutu wa hapa," akaniambia. "Ile pagne usiitupe. Itakuwa ya kazi."

Alinifundisha kufungua pipa nikiwa nimeupa upepo mgongo, nisije nikavuta ule unga. Alinifundisha kutia unga ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Alinifundisha kwamba kijiko chenye unyevu hakiingii ndani ya pipa, hata kama aliyekishika ni waziri. Na kila asubuhi, kabla ya kusaini daftari, alikinga kikombe kwenye bomba la kituo akanywa mbele yetu sote. Nilipomuuliza kwa nini hapimi tu na komparateri, kile kisanduku chetu cha kupimia, alisema kwamba mpishi asiyeonja chakula chake anajua anachokificha.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya tope. Msimu mmoja wa mvua, kipande cha mlima kiliporomoka mtoni, na maji yakatufikia mazito kama chai ya maziwa. Mimi nilikuwa peke yangu zamu ya asubuhi, nikaona rangi ile, nikaongeza sulfate mara mbili. Hayakutulia. Nikaongeza mara tatu, yakawa mabaya zaidi, michujio ikaziba, simu ya ofisini ikaanza kulia na wakubwa wakawa wanapiga kelele kuuliza kwa nini mji hauna maji. Muzee Zihindula akafika, akapanga glasi sita mezani, akatia kila moja kipimo chake cha sulfate, akavuta kiti, akaketi kuzitazama. Simu ililia, naye akatazama glasi. Nilikaribia kulia mimi pia.

"Muzee, chef anakasirika!" nikamwambia; chef kwetu ni mkuu wa kituo.

"Glasi haijue kama chef anakasirika," akasema. "Kaa hapa."

Tulikaa karibu saa nzima. Glasi ya nne ndiyo iliyoanza kufanya vile viwingu vidogo vinavyoteremka, na tukatumia kipimo hicho. Tangu siku ile nikajifunza kukaa. Muzee alipostaafu, watu walianza kunisifia mimi kwa utulivu, na sitawaficha kwamba nilizipenda sana sifa hizo. Kila kulipokuwa na shida walisema, "Ita Maman Nsimire, yeye haogopake." Nilianza kutembea polepole kwa makusudi ili watu waone.

Miaka iliyofuata malalamiko makubwa ya wateja yalikuwa ni harufu. "Maji yenu inanuka klori." "Chai yangu inanuka klori." Mama mmoja wa mtaa wa Muhumba alikuja na sufuria ya maharagwe, akaifungua juu ya meza yangu ili nionje. Nilionja, yalikuwa matamu, chumvi tu ilizidi kidogo. Kwa miaka ishirini nilieleza kwamba harufu ile kidogo ndiyo inayowalinda watoto na kipindupindu, na kwa miaka ishirini waliniitikia "ndiyo, maman" na kurudi na sufuria nyingine.

Kisha ikaja korona.

Mnakumbuka zile wiki za kwanza. Mpaka wa nchi ulifungwa, shule zikafungwa, mume wangu akaanza kuwafundisha kuku mito ya Afrika. Ndimu na tangawizi vilipotea sokoni kwa siku mbili. Dada yangu wa Nyantende alinipigia simu kwamba kijiji kizima kinachemsha majani machungu, hata mbuzi wamenyimwa. Watu walisalimiana kwa viwiko kama wanaotaka kupigana. Na kila mtu alikuwa na kashne, ile barakoa ya kitenge, ambayo wengi waliivaa kidevuni, mahali ambapo kwa kweli ndevu zao zilikingwa vizuri sana.

Redio ikasema klori inaua korona kwenye mikono. Asubuhi iliyofuata mlango wa kituo chetu ulijaa. Hoteli zilitaka klori ya ndoo za kunawia. Ofisi zilitaka. Wauza simu walitaka. Padri mmoja aliomba kidogo kwa ajili ya maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, na alipoona uso wangu akasema haraka kwamba alikuwa anauliza tu. Watu walewale waliolalamikia harufu miaka ishirini sasa walisimama juani wakiiomba kwa chupa.

Tulikuwa na mapipa sita ghalani. Pipa moja lilitutosha siku tatu. Kawaida mapipa mapya yalifika kila mwezi, lakini sasa malori yalikwama huko yalikotoka, na hakuna aliyejua yatafika lini. Injinia Mugisho, chef wetu wa kituo, si mtu mbaya, ila ana shida moja: akipigiwa simu na mkubwa, anasimama. Hata kama yuko kitandani, mke wake ameniambia, anasimama. Basi simu zilipigwa, chef akasimama, na kabla sijajua, mapipa mawili yakapakiwa kwenye jeep za watu wazito kwenda kunawia mikono.

Nilikwenda ofisini kwake nikiwa na ile pagne ya madoa.

"Chef, ile klori iko ya tumbo. Mikono iko na sabuni."

"Maman, ni batu bakubwa ndio banaomba."

"Batu bakubwa pia banakunywaka maji. Sabuni inaua hiyo korona sawasawa. Juu ya nini hawaitake? Juu wanaijua tangu utoto. Ukiwaambia sabuni inaletwa na ndege, bataikimbilia."

Alicheka, na mtu akicheka umempata nusu. Alinipa ufunguo wa ghala. Tangu siku hiyo, aliyetaka klori alikuja kwangu, nami nilimpeleka kwenye ndoo yetu wenyewe, nikamkabidhi kipande cha sabuni na kumwonyesha namna ya kunawa hadi kwenye vifundo vya mikono na katikati ya vidole. Wengi waliondoka na mikono safi na hasira.

Mapipa manne yalibaki, yaani siku kumi na mbili. Nilikokotoa nikaona kwamba kipimo chetu cha kawaida kilikuwa upande wa juu wa kinachotakiwa, na ninaweza kukiteremsha hadi upande wa chini, maji yakabaki salama na mapipa yakaongeza siku nne au tano. Nilifanya hivyo. Komparateri ilionyesha sawa, nikanywa kikombe changu cha asubuhi, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Siku ya tatu, Maman Cibalonza akanijia. Huyu ni mama mnene mchangamfu anayesimamia borne ya mlima wetu, yaani lile bomba la wote ambapo mtaa mzima unateka maji. Anajua kila bidoni, yaani kila dumu la maji, na mwenye nayo. Alifika akihema, kashne iko mkononi.

"Maman Nsimire, maji hainuke tena! Batu banasema mumekata dawa. Banasema ile klori yote mumeuzia bakubwa!"

"Iko dawa. Tumepunguza kidogo tu."

"Mi najua. Lakini pua zao hazijue."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na ninaliandika kwa sababu ninyi pia mtalifanya msipoambiwa. Nilichukua komparateri na tembe zake za kupimia, nikapanda mlimani, nikawakusanya watu pale bombani. Nilijaza kile kichupa kidogo cha kioo, nikatia tembe, nikafunga, nikatikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi. Nikainua juu ili wote waone.

"Munaona? Ikiwa rose, klori iko ndani. Muko salama."

Walipiga makofi. Nilijisikia kama mwimbaji. Niliweka kichupa juu ya ukuta wa bomba ili nifute miwani yangu iliyokuwa na ukungu kwa sababu ya kashne, na nilipoivaa tena kichupa kilikuwa kitupu. Maman Cibalonza alikuwa anajifuta midomo.

"Maman! Umekunywa?"

"Nimeonja kwa niaba ya bengine," akasema. "Iko chungu. Ni dawa ya kweli."

Jamani, tembe ile ni ya kupimia, haiingii tumboni mwa mtu. Nilimnywesha maji glasi baada ya glasi, nikakaa naye kivulini mchana mzima nikimtazama macho, nikimwuliza kila dakika anajisikiaje, na kama angebadilika kidogo tu ningembeba mwenyewe hadi kwa daktari. Hakubadilika. Jioni alisimama, akajinyoosha, akatangaza mbele ya majirani kwamba tangu korona ianze hajawahi kusikia nguvu kama leo, na hata mgongo umeacha kuuma.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na watu mlangoni mwa kituo wakiwa na vikombe. Hawakutaka tena klori. Walitaka "ile ya rose". Mchana habari zilikuwa zimefika upande wa pili wa mji, zikiwa zimeongezewa uzito njiani: kituo cha maji kina dawa ya waridi, wafanyakazi wanakunywa na jamaa zao, maskini wanapewa maji matupu. Bwana mmoja wa viatu vizuri alisimamisha gari, akaninong'oneza: "Madame, kidogo tu ya rose, ya famille yangu. Sitaambia mutu." Nilimweleza kwamba ni kipimo, kama kipimajoto. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayejua anafichwa.

Basi vijana wangu, usimwonyeshe mtu kipimo kabla hujamwambia kwamba ni kipimo, na usikiweke chini ukifuta miwani. Kadiri nilivyokanusha ndivyo walivyoamini. Wengine waliacha kabisa kuteka maji yetu wakisema ni ya kupumbaza maskini, wakaanza kuteremka kuchota ziwani na kwenye mifereji. Hilo ndilo lililonitisha hasa. Korona sikuijua, lakini kipindupindu nilikijua kwa sura, nilishakiona kikiingia nyumba moja na kutoka na watoto wawili.

Nilifikiri sana nifanye nini. Maneno yangu yalikuwa yameshapoteza nguvu. Kisha nikakumbuka namna watu wetu wanavyopanga mstari. Ninyi mliokulia hapa mnajua: kwa borne hawasimami watu, zinasimama bidoni. Mama anaweka bidoni yake alfajiri, anaenda shambani au sokoni, na bidoni inamngojea mahali pake. Kila moja ina alama, hii kitambaa chekundu, ile mpini uliokatika, nyingine jina lililochorwa na msumari wa moto. Hakuna anayeiruka. Na kila mtu akipita anasoma ule mstari kama gazeti, anajua nani yuko, nani amesafiri, nani amekasirikiana na nani.

Kwangu kuna bomba ndani ya nyumba. Hata hivyo nilinunua bidoni ya njano, nikaandika KLORI kwa herufi kubwa, na kila asubuhi kabla ya kazi nikapanda nayo mlimani nikaiweka mstarini. Zamu yangu ilipofika niliijaza, nikanywa kikombe kimoja palepale, nikaibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba, nikateremka. Sikutoa hotuba. Siku ya kwanza walinicheka, kwani fundi wa miaka hamsini na kitu anayeteremka na bidoni anaonekana kwa nyuma kama kobe. Siku ya tatu mtu alinisogezea jiwe la kuketi. Siku ya sita nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ile ya rose ingekuwako, huyu angebebaka hii ya bure juu ya nini?" Wale waliokwenda ziwani wakaanza kurudi mmoja mmoja. Shingo iliniuma mwezi mzima, lakini nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote niliyopewa cheti.

Hapo ndipo habari mbaya ilipofika. Buhendwa, dereva wetu, alikuwa ametumwa hadi upande wa Uvira kuyafuata mapipa mapya. Alinipigia simu, sauti inacheka kama kawaida yake.

"Maman, niko Sange. Barabara imekatika. Mbele maji, nyuma maji, katikati mimi na klori yako."

"Utafika lini?"

"Mungu njo anajua. Siku tatu, ine. Usihangaike, mi niko nakula muzuri, hapa kuku iko."

Sikuwa na shida na kuku. Nilifungua pipa la mwisho, nikalipima. Lilibaki na unga wa siku moja na nusu, hata kwa kipimo cha chini.

Nilimwambia chef. Alifunga mlango wa ofisi, akafunga na dirisha.

"Maman, usiseme kwa mutu yeyote. Batu bataruka, bataanza fujo. Umeona ya rose. Siku tatu tu, itapita, hakuna atakayejua."

"Na batoto?"

"Tutaomba Mungu."

"Mungu alitupatia makala, chef. Tuambie batu bachemshe maji," nikasema; makala ni makaa yetu ya kupikia.

Akasimama, ingawa simu haikuwa imelia. Alisema hilo ni agizo, na kwamba aliyebakiza mwaka mmoja na nusu afike kwenye pensheni asichezee agizo. Hakulisema kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa inapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimwelewa, maana kwa muda wa dakika chache mimi pia nilikuwa upande wake. Nilijiambia siku tatu si nyingi. Nilijiambia watu wakijua wataacha tena maji yetu na kurudi ziwani, na kazi yote ya shingo yangu itakuwa bure. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hawakusema kama ukiyaficha siku tatu tu inahesabika.

Asubuhi nilipanda mlimani na bidoni yangu. Njiani nilijikumbusha muzee Zihindula na glasi zake. Nilitaka kuwapa watu uso uleule: polepole, bila haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilifika nikakuta mstari mrefu wa bidoni na wamama labda thelathini wamekaa pembeni. Nilisimama juu ya saruji ya bomba, bidoni tupu mkononi, nikasema.

"Wamama, sikieni. Klori inaisha. Kuanzia kesho mchana, maji ya hapa haitakuwa na dawa. Gari imekwama Sange. Ni siku tatu, labda ine. Musiinywe bila kuchemsha, hata ya kusukutua mutoto kinywa. Bamenikataza kusema. Nimesema."

Nilingojea kelele. Nilikuwa nimeshachagua upande wa kukimbilia.

Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Na makala? Kila nyumba ikiwasha moto wake, makala itatosha?"

Mwingine akasema nyumba mbili ziwashe moto mmoja. Mwingine akasema mbili ni kidogo. Hapo Maman Cibalonza akapiga mkono kwenye paja.

"Na zile sufuria za kilio?"

Kila avenyu, yaani kila mtaa, ya mlima wetu ina sufuria kubwa za pamoja, zile za kupikia watu wanapokuja kulilia maiti. Tangu serikali ikataze mikusanyiko zilikuwa zimefunikwa chumbani kwa mtu, buibui wamejenga ndani. Kufika saa tano zilikuwa nje, zimesuguliwa kwa majivu, na, bila kungoja kesho, mioto mitatu inawaka kandokando ya njia. Kila nyumba ilichangia makala kidogo. Maji yaliyochemka yaligawanywa kwa zamu ileile ya bidoni, na chaki ya Maman Cibalonza ilichora mahali pa kila moja, mbali na mwenzake, kama redio ilivyoagiza. Vijana walipeleka habari kwenye borne za milima mingine, na jioni huko pia walikuwa wanachemsha. Hakuna aliyeruka. Wazee wawili tu waligombana kuhusu ni nani aliyeazima kifuniko cha sufuria miaka mitatu iliyopita.

Chef alifika saa tisa, mbio, ameshasikia. Alianza kunigombeza tangu mbali, akiwa bado anapanda. Kadiri alivyosogea sauti ilizidi kupungua, kwa sababu ya mlima kwanza, halafu kwa sababu ya alichokiona. Alizunguka zile sufuria mara mbili. Mwisho akamwuliza Maman Cibalonza kama mke wake anaweza kuleta bidoni, nyumbani kwake hakuna makala. Wakubwa walipompigia kesho yake, alisimama, akawaambia kwamba ameamuru wananchi wachemshe maji. Mpaka leo anasema lilikuwa wazo lake, nami sijawahi kumkatalia.

Buhendwa alifika siku ya nne, gari lina tope mpaka kwenye vioo, amenenepa. Tulitia klori, nikapandisha kipimo kidogo kuliko kawaida makusudi, ili pua za watu zipumzike. Kesho yake maji yalinuka mlima mzima na watu walinuka nayo kwa furaha. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa aliniambia kwamba wiki ile walipokea wenye kuhara wachache tu, wale wa kila wiki, na hakuna aliyekuwa na kipindupindu. Niliingia ghalani, nikafunga mlango, nikalia kidogo nyuma ya mapipa mapya. Kisha nikanawa uso na kutoka nikitembea polepole.

Miezi michache baadaye, mambo yalipotulia, nilikuwa nimeketi na Maman Cibalonza pale bombani tukingojea zamu za bidoni zetu. Nilikuwa bado ninaipeleka yangu mara mojamoja kwa mazoea. Nikaanza kujisifu, maana nilikuwa nimesubiri muda mrefu mtu aniulize na hakuna aliyeuliza.

"Uliona siku ile nilivyobaki mutulivu? Kazi yetu njo inataka hivyo. Batu bakiona umetulia, nabo banatulia."

Alinigeukia, mdomo wazi.

"Mutulivu? Wewe? Maman, ulikuwa unatetemeka mpaka ile bidoni ikawa inapiga saruji, ko-ko-ko-ko! Sisi bote tulikuwa tunaiangalia bidoni, hata uso wako hatukuuona."

Sikumbuki sauti hiyo hata leo.

"Ungekuja umetulia, tungesema unatudanganya," akasema. "Tukakuona unaogopa kama sisi, na umekuja. Njo maana tukaenda kutafuta makala."